Mkazi Tangu Lini? Kanuni Zinazoamua Nani Apande Jukwaani

Barua ya serikali ya mtaa huwa na mistari mitatu. Wa kwanza unataja jina, wa pili unasema mtajwa ni mkazi wa mtaa huu, wa tatu unaomba apewe kila msaada. Chini kuna sahihi ya mwenyekiti na mhuri. Kwenye mashindano ya ngoma ya kata na wilaya, barua hiyo ndiyo inayowekwa mezani kwa waandaaji kuthibitisha kwamba mchezaji ni wa mahali kikundi chake kinapowakilisha. Lakini haisemi ameishi hapo tangu lini. Aliyezaliwa mtaani na aliyeshuka kwenye basi juzi wanapewa barua ileile, na mwenyekiti hajasema uongo: mtu huyo kweli analala mtaani kwake.

Hapo ndipo mamluki wanapopitia. Kikundi cha watu 12 kinaongeza vijana wanne mahiri kutoka wilaya jirani wiki moja kabla ya mashindano, barua zinapatikana asubuhi moja, na waliofanya mazoezi mwaka mzima wanashindwa na watu waliofahamiana siku tano. Malalamiko yanaanza. Waandaaji wanafungua kanuni na kukuta sentensi moja: "Mshiriki awe mkazi wa wilaya husika." Sentensi hiyo haina tarehe, haina muda, na haisemi ukazi unathibitishwa kwa kitu gani. Kila upande unaisoma unavyotaka, na kila upande una haki ya kuisoma hivyo.

Chanzo cha ugomvi wa namna hii ni kwamba aliyeandika kanuni hakuamua kwanza anataka kulinda nini. Neno "mkazi" limebebeshwa mambo matatu yasiyofanana. Kuna uraia, ambao hulinda bendera. Kuna ukazi wenyewe, ambao hulinda nafasi ya watu wa mahali fulani wasimezwe na wenye nauli. Na kuna uanachama, ambao hulinda kazi ambayo kikundi kimeifanya pamoja. Shindano linaweza kuchagua moja, au mawili kwa mpangilio unaoeleweka. Likiyachanganya yote chini ya neno moja, mwenye kelele ndiye atakayeshinda rufaa.

Tuanze na bendera, maana huko kanuni zimeandikwa kwa undani na matokeo yake yameonekana na dunia nzima. Brekidansi iliingia Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ikiwa na wachezaji 16 wa kiume na 16 wa kike. Nchi moja haikuruhusiwa kupeleka zaidi ya wawili kwa kila jinsia. Kwa kila jinsia, nafasi moja ilitolewa kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Leuven, Ubelgiji, Septemba 2023. Nafasi tano ziligawiwa mabara matano, moja kila bara. Nyingine saba zilitafutwa kwenye mfululizo wa mchujo uliofanyika Shanghai na Budapest mwaka 2024, na zilizobaki zilikuwa ya mwenyeji na za upendeleo kwa nchi zenye uwakilishi mdogo. Mchezaji alitakiwa awe amezaliwa kabla au ifikapo 31 Desemba 2008. Tarehe ni moja, kwa wote, na haibadiliki hata mtu akilia.

Nafasi ya Afrika iligombewa Rabat, Morocco, Mei 2023. Zote mbili, ya kiume na ya kike, zilichukuliwa na Wamorocco: Bilal Mallakh na Fatima Zahra El-Mamouny. Bara zima, mlango mmoja kwa kila jinsia, wikendi moja, mji mmoja. Kijana wa Dar es Salaam, Kampala au Goma aliyeutaka mlango huo alihitaji pasipoti, shirikisho la nchi yake lililosajiliwa kimataifa ili limwandikishe, na nauli ya kufika Rabat. Uwezo wa kuzunguka kwa kichwa ulikuja baada ya hayo matatu. Ninasisitiza hili kwa sababu watu wengi hudhani kanuni za ustahiki zinaanza pale jina linapoandikwa kwenye fomu. Zinaanza nyuma zaidi, pale nchi inapokuwa na chombo kinachoweza kuandika jina hilo. Pasipo shirikisho, pasipoti yako haina kazi.

Upande wa pili wa mgawo wa mabara ulionekana kwa Oceania. Mchujo wao ulifanyika Sydney, Oktoba 2023, na Rachael Gunn wa Australia akashinda nafasi ya wanawake kwa haki kabisa. Kule Paris alicheza mara tatu, na kila mara majaji tisa walipiga kura raundi mbili. Kura 54 zilipigwa, hakupata hata moja. Dunia ikamcheka, na wengi wakadai kanuni ilivunjwa. Haikuvunjwa. Kanuni ya mabara inapima mtu kwa jirani zake, na bara lenye wachezaji wachache litapeleka bora wa wachache hao. Anayetaka 16 bora wa dunia bila kujali wanakotoka afute nafasi za mabara, lakini ajue kwamba kwa kalamu hiyohiyo amemfuta na Mwafrika. Mimi ninaona mgawo wa mabara ni sahihi, ila wikendi moja kwa bara lenye nchi zaidi ya 50 ni mlango mwembamba mno.

Na kuna wasio na bendera ya kubeba. Manizha Talash, msichana wa Afghanistan aliyejifunza brekidansi Kabul, alikimbia baada ya Taliban kurudi madarakani mwaka 2021 na hatimaye akaishi Hispania. Kwa kanuni ya uraia pekee asingekuwa na pa kuingilia. Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi ndiyo iliyompa nafasi, na wanawake wakawa 17 badala ya 16. Alitolewa baadaye kwa kuonyesha ujumbe wa kisiasa kwenye vazi lake, lakini hilo ni suala la mwenendo jukwaani. La ustahiki lilikuwa limeshamalizwa, na kwa uungwana.

Mfano huo unatuhusu moja kwa moja. Nyarugusu kule Kigoma, Kakuma na Dadaab kule Kenya, kuna vijana waliozaliwa kambini na wanaocheza vizuri. Shindano la wilaya au kaunti linalodai kitambulisho cha taifa limewafungia nje bila kusema neno "mkimbizi" popote. Mwandaaji asiyetaka hivyo aandike wazi kwamba kitambulisho au hati ya mkimbizi inakubalika, na upande wa Tanzania aanze mapema kuomba kibali cha mchezaji kutoka kambini, kwa sababu bila kibali hatatoka hata jina lake likiwa kwenye ratiba.

Dansi ya watu wawili ina shida yake peke yake. Mcheza mpira mmoja akihama nchi, timu inabaki. Mcheza dansi akikosa uraia, mwenzake naye amekwisha, kwa sababu mwili wake umezoea uzito na hatua za yule mmoja kwa miaka. Dansi ya barafuni imepita kwenye tanuri hili kwa muda mrefu. Shirikisho la kimataifa la michezo ya kuteleza kwenye barafu, ISU, linaruhusu wawili kuiwakilisha nchi ambayo mmoja wao ni raia wake. Olimpiki inadai wote wawili wawe raia. Kwa hiyo wawili hao wanaweza kuwa wa pili duniani mwezi Machi na wasistahili kabisa Februari inayofuata.

Ndivyo ilivyokaribia kuwa kwa Tanith Belbin na Ben Agosto. Belbin alizaliwa Ontario, Kanada, akahamia Marekani mwaka 1998 kucheza na Agosto. Waliikosa Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 kwa sababu ya karatasi. Mwaka 2005 walishika nafasi ya pili mashindano ya dunia, na bado hesabu ya miaka ya ukazi ilikuwa inausogeza uraia wake hadi baada ya Olimpiki ya Torino. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe kifungu cha sheria, Rais akakitia sahihi siku za mwisho za Desemba 2005, na Belbin akala kiapo 31 Desemba. Wiki chache baadaye wakapata medali ya fedha. Kanuni ya mchezo inapohitaji Bunge ili mtu acheze, tatizo liko kwenye kanuni.

Familia ya Reed ni somo kubwa zaidi. Watoto watatu wa nyumba moja, wazaliwa wa Marekani, mama yao Mjapani. Mwaka 2010 kule Vancouver, Cathy na Chris walicheza chini ya bendera ya Japani, na mdogo wao Allison akacheza chini ya bendera ya Georgia, na mwenzake Otar Japaridze. Allison baadaye akaanza kucheza na Saulius Ambrulevičius wa Lithuania. Wakaiwakilisha Lithuania kwenye mashindano ya Ulaya na ya dunia, ambako uraia wa mmoja unatosha. Lithuania ikamnyima uraia, na Olimpiki ya Beijing mwaka 2022 ikawapita wote wawili, yeye na Mlithuania aliyezaliwa hukohuko. Kanuni iliyokusudiwa kuilinda bendera ikamzuia hata mwenye bendera yake.

Kwa hiyo nasema bila kusitasita: kwa dansi ya wawili, raia au mkazi mmoja atoshe, na wawili hao wachague mara moja kwa msimu watawakilisha wapi. Sehemu ya pili ya kanuni ina uzito uleule. Binti wa Nairobi na kijana wa Kampala wanaocheza rumba pamoja wasiruhusiwe kujaribu mchujo wa Nairobi Machi, na wakishindwa wajaribu wa Kampala Mei. Fomu ya usajili iwe na mstari: "Msimu huu tunawakilisha ______, na hatujaingia mchujo mwingine wowote." Wote wawili watie sahihi.

Kuhusu kuhama bendera, Mkataba wa Olimpiki, kanuni ya 41, unasema aliyekwisha kuiwakilisha nchi moja kwenye Olimpiki, michezo ya bara au mashindano ya dunia, akibadilisha uraia asubiri miaka mitatu tangu mara ya mwisho. Muda huo unaweza kupunguzwa au kufutwa kamati za Olimpiki za nchi husika na shirikisho la mchezo zikikubaliana, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaidhinisha. Mwenye uraia wa nchi mbili huchagua, lakini akishachagua na kucheza, naye anafungwa na miaka hiyohiyo. Wacheza dansi wetu walioko Ulaya na Marekani Kaskazini waliangalie hili mapema. Mkenya anaruhusiwa uraia pacha tangu Katiba ya 2010, kwa hiyo anaweza kuchukua pasipoti ya Ujerumani na bado akaichezea Kenya. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa Tanzania, na kuwakilisha Tanzania kunaondoka nao. Kocha anayemshauri kijana "chukua tu karatasi, utaamua baadaye" anatoa ushauri unaomfaa Mkenya na unaomwangusha Mtanzania.

Ukazi mtupu, usio na bendera, unaelezwa vizuri na Buenos Aires. Tangu 2003 jiji hilo la Argentina huandaa mashindano ya dunia ya dansi ya tango, na mtu wa taifa lolote anaingia. Mwaka 2009 taji la tango ya ukumbini lilichukuliwa na Wajapani Hiroshi na Kyoko Yamao, na tango haikufa. Tangu 2013 wawili wanaweza kuwa wa jinsia yoyote. Wakati huohuo jiji lina shindano lake lingine, la wakazi wa jiji na vitongoji vyake, na hilo halimpi mgeni taji. Hakuna anayelalamika, kwa sababu mataji ni mawili na kila moja lina jina lake. Waandaaji wetu mara nyingi wana taji moja, wanaliita la wilaya, halafu wanataka lipendwe na watalii, livutie vikundi kutoka mikoani na bado libaki la wenyeji. Haiwezekani. Weka la wazi Jumamosi na la wakazi Jumapili, kila moja na zawadi yake.

Uanachama je? Huo tunaujua kuliko wengine wote, maana ngoma zetu kubwa za mashindano zilijengwa juu yake. Usukumani vyama viwili, Bagika na Bagalu, vimeshindana tangu karne ya 19, kila kimoja kikifuata mwanzilishi wake, Ngika na Gumha. Msimu ni baada ya mavuno, kuanzia Juni, na sikukuu ya ngoma ya Bulabo, kule Bujora karibu na Mwanza, ndiyo inayojulikana zaidi. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na ushindi uko kwa waliovuta watu. Mchezaji hakuulizwa anaishi kijiji gani. Aliulizwa ni Mgika au ni Mgalu, na hilo lilijulikana kwa kuwa aliingizwa chamani kwa taratibu zake na kwa dawa zake. Pwani nako, vyama vya ngoma ya beni, cha Marini na cha Arinoti, vilikuwa na matawi mji hadi mji, kiasi kwamba mtu akihama Tanga kwenda Dar es Salaam alikuta wenzake wanamngoja. Ukazi wake ulibadilika, chama chake hakikubadilika.

Uzuri wa uanachama ni kwamba unathibitika kwa kitu ambacho hakiandikwi asubuhi moja: daftari la mahudhurio ya mazoezi. Kikundi chenye daftari lenye tarehe, majina na sahihi za miezi sita kina ushahidi mzito kuliko barua yoyote. Ukiongeza kwamba daftari linapelekwa kwa afisa utamaduni wa wilaya kila mwezi na kugongwa mhuri, kulighushi kunakuwa kazi ngumu. Na uanachama unawaokoa watu wa mpakani. Wadigo wako Kwale na wako Tanga, na mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga umewakuta hapo. Kikundi cha ngoma ya sengenya cha Kwale kinachopigiwa ngoma na mjomba anayelala upande wa Tanga hakijaleta mamluki. Kwa kanuni ya ukazi mjomba huyo ni mgeni. Kwa daftari la mazoezi ni mwenyeji wa miaka 20.

Basi mwandaaji wa mashindano ya wilaya au kaunti aandike nini? Mimi ningeanza na tarehe. Ukazi au uanachama uhesabiwe hadi siku ya kufunga usajili wa ngazi ya kwanza kabisa, na usihesabiwe tena. Hili linapuuzwa na linaleta madhara makubwa. Mashindano yetu hupanda ngazi: kata, wilaya, mkoa, taifa, na kati ya kata na taifa inaweza kupita miezi mitano. Ukiandika "awe ameishi miezi sita" bila kusema hadi lini, aliyehamia mwezi mmoja kabla ya ngazi ya kata hastahili huko, lakini anastahili taifani. Kikundi kinamficha nyuma, kinapita ngazi za chini, kisha kinamtoa fainali. Tarehe moja ya kufunga inaziba tundu hilo.

Orodha nayo ifungwe siku hiyohiyo. Kikundi cha wachezaji 12 kisajili majina 16, na wale wanne wa akiba ndio pekee wanaoweza kuingia mtu akiugua au akipata kazi mbali. Kwenye kanuni ya ukazi, ruhusu wageni wasiozidi wawili kati ya 12, wakitajwa wazi kwamba ni wageni. Ukipiga marufuku kabisa, watakuja kwa majina ya watu wengine. Ukiwaruhusu wawili, kikundi hakina sababu ya kudanganya kwa ajili ya hao wawili, na wa tatu anajulikana ni kosa.

Halafu wapiga ngoma. Hapa ndipo kanuni nyingi zinapovuja, kwa sababu zinasema "wachezaji" na kunyamaza. Ngoma ya kiasili inabebwa na wapigaji: mpiga ngoma kubwa akibadilika, hatua za wachezaji 12 zinabadilika naye. Kikundi kinakodi wapigaji watatu hodari, wachezaji wote ni wakazi halali, na alama za mdundo zinakwenda kwa watu wasio wa wilaya. Waimbaji na mpiga zeze ni vilevile. Neno liwe "kila anayepanda jukwaani akiwa na kazi", na wapigaji wahesabiwe ndani ya ile orodha ya 16 au wapewe orodha yao ya watano. Mwalimu wa ngoma aachwe huru. Ujuzi umekuwa ukisafiri siku zote, na kumzuia mwalimu kutoka wilaya nyingine ni kuinyima ngoma chakula.

Kuhusu karatasi, kila moja ijulikane inathibitisha nini. Kitambulisho cha NIDA, yaani cha taifa kwa Tanzania, kinathibitisha mtu na umri; tarakimu nane za kwanza za namba yake ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo karani anaweza kulinganisha umri na fomu bila kuuliza. Hakithibitishi kwamba mtu anaishi hapo sasa. Risiti ya umeme wa LUKU haisaidii, kwa kuwa mita ni ya mwenye nyumba, na upande wa Kenya tokeni za umeme ni hadithi ileile. Mkataba wa kupanga chumba unasaidia sana, kwa sababu una tarehe ya kuanza. Barua ya serikali ya mtaa au ya chifu iendelee kutumika, ila kwa fomu ya mwandaaji yenye mstari uliochapwa tayari: "Ameishi hapa tangu tarehe ______, na nimeliona jina lake kwenye daftari la wakazi." Mwenyekiti anayesaini kwa urahisi barua ya "ni mkazi" husita anapotakiwa kuandika tarehe kwa mkono wake. Kusita huko kunapunguza mamluki kuliko vitisho vya jukwaani.

Walio chini ya miaka 18 kwa kawaida hawana kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo ni cheti cha kuzaliwa, na kwa shule ni namba ya mwanafunzi: PREM kwa Tanzania, UPI kwa Kenya. Katika UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari Tanzania, ambako ngoma na kwaya hushindaniwa pamoja na michezo, swali la ukazi lijibiwe na shule anayosoma. Mtoto wa bweni mwenye wazazi Mbeya anayesoma Tabora ni wa Tabora. Anayeanza kumwuliza nyumbani kwao ni wapi anafungua mlango ambao hautafungika. Kinachohitaji ulinzi ni uhamisho wa ghafla, na hapo weka muda: aliyehamia ndani ya siku 90 kabla ya kufunga usajili acheze tu ikiwa shule aliyotoka imeandika sababu.

Umri upimwe kwa tarehe moja ya mwaka. Dansi ya Kiayalandi hutumia umri wa mtoto ilipofika 1 Januari, na hakuna mabishano. Ukiandika "chini ya miaka 15 siku ya mashindano" kwenye mashindano yenye ngazi nne, mtoto atacheza wilayani akiwa na miaka 14 na kuzuiwa mkoani, na wenzake watabaki na pengo katikati ya mstari.

Ukaguzi ufanyike kabla ya watu kujipaka na kuvaa. Mtu aliyepakwa chokaa usoni, akafungwa njuga miguuni na kofia ya manyoya kichwani hafanani na picha yake ya kitambulisho, na karani mwenye haraka atampitisha yeyote. Saa mbili kabla ya jukwaa, kikundi kisimame na nguo za kawaida, kila mmoja ashike kitambulisho chake, alinganishwe na picha iliyobandikwa kwenye fomu, kisha avalishwe utepe wa mkononi usiofunguka. Ukikatika, anarudi kukaguliwa. Mezani wakae karani mmoja wa mwandaaji na mtazamaji mmoja kutoka kikundi pinzani, ili baadaye asiwepo wa kusema hakuona.

Pingamizi liandikwe, lisainiwe na kiongozi wa kikundi, na lifike saa 24 kabla ya kikundi kinacholalamikiwa kupanda. Ada iwepo, ndogo lakini inayouma kidogo, na irudishwe pingamizi likikubaliwa. Wasikilizaji wawe watatu, asiwemo hata mmoja wa wilaya zinazogombana, na uamuzi utoke kabla ngoma haijaanza. Baada ya jukwaa, libaki kosa moja tu la kusikilizwa: hati bandia au mtu kujifanya mwingine, na hilo ndani ya siku 14. Fedha za zawadi zikae benki siku hizo 14. Mwandaaji aliyekwisha kukabidhi bahasha usiku wa fainali hataiona tena, hata rufaa ikishinda.

Mashindano ya brekidansi ya vijana yamo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar mwaka 2026, ya kwanza ya Olimpiki kufanyika kwenye ardhi ya Afrika. Mashirikisho yetu yanayotaka kuona kijana wake huko au kwenye mashindano yatakayofuata yaanze na jambo dogo: orodha ya wachezaji yenye tarehe za kuzaliwa zilizohakikiwa na pasipoti zisizokaribia kuisha muda. Kijana anaweza kushinda mchujo kisha akakwama kwa kuwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho vinatofautiana herufi moja ya jina. Kusahihisha jina kunahitaji hati ya kiapo na safari za ofisini, na wiki mbili kabla ya safari hazitoshi.

Imebaki adhabu. Kwa watu wazima haina utata: kikundi kilichopandisha mamluki wa tatu kiondolewe, na viongozi wake wakae nje msimu mmoja. Kwa watoto wa shule nadhani tunakosea. Mwalimu anamwingiza kijana wa sekondari kwenye ngoma ya shule ya msingi, anagundulika, na kikundi kizima kinashushwa kwenye lori na kurudishwa nyumbani. Watoto 11 waliofanya mazoezi tangu Januari hawakuandika fomu wala hawakusaini chochote. Aliyesaini ni mwalimu na mkuu wa shule. Wao ndio wafungiwe, na barua iende kwa afisa elimu. Watoto waliobaki wacheze ngoma yao hadi mwisho mbele ya majaji, wapewe maoni ya majaji kama wenzao, alama zao zisihesabiwe kwenye msimamo, na wale chakula pamoja na wengine kabla ya kupanda gari.